Mpaka wa Bustani ya Visiwani

Imetangazwa rasmi, na kila aliyekuwapo kwenye ofisi za Base Camp asubuhi ile ya mwaka 2011 anaweza kuthibitisha, kwamba Bustani ya Mimea Adimu ya Visiwani imeanzishwa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, ili kuhifadhi, kwa faida ya vizazi vyote vijavyo, mimea iliyo hatarini kutoweka duniani, katika mahali salama ambapo hakuna mkono utakaoigusa. Tangazo lilisomwa kwa Kiingereza na afisa aliyevaa koti zito. Mkalimani, kijana mmoja aitwaye Déo, alilifasiri kwa ufupi: "Banasema maua yetu yamepata makazi." Watu wakapiga makofi. Wengi wao walikuwa wakiomba makazi tangu karne iliyopita, na haikuwaudhi kusikia kwamba walau kuna kundi moja limefaulu.

Aliyeipima bustani hiyo aliitwa Nestor. Alikuwa Mhavu wa Idjwi, kile kisiwa kikubwa kilicholala katikati ya Ziwa Kivu, mtu wa miaka sitini au karibu yake, shemasi katika kanisa moja la Kiprotestanti pale Misiera, kijiji kimojawapo cha kambi. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alikuwa na tabia ya kusimama amefumba jicho moja. Wageni walidhani jicho linamuuma. Alikuwa anapima. Kule kisiwani, tangu ujana wake, alikuwa mshika mnyororo kwenye shamba la kwinini la kampuni. Mpimaji hukaa kivulini na darubini yake. Mshika mnyororo huburuta mnyororo juani, halafu huchomeka miche ya mpaka pale alipoonyeshwa kwa kidole. Nestor aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Mstari wake mmoja ulipita katikati ya migomba ya baba yake mkubwa, ambaye kuanzia siku hiyo alihesabiwa kuwa anaishi ndani ya mali ya kampuni na akaombwa ahame. Ukimuuliza Nestor kuhusu jambo hilo, alijibu kwa utulivu: "Mustari ilipita fasi ilipaswa kupita." Baba mkubwa hakuzungumza naye tena, lakini hata yeye hakuwahi kudai kwamba mstari ulipinda.

Mke wake, Georgette, aliuza chumvi, sabuni na dagaa kwenye kibanda cha mbele ya nyumba. Nyuma ya nyumba, upande usiopigwa na jua la mchana, aliweka debe la mafuta lililokatwa mdomo, na ndani ya debe kulikuwa na ua. Kilikuwa kimea kifupi, shina lake jekundu limejaa maji, majani yana manyoya kama sikio la ndama, na kila masika kilitoa ua jeupe lenye doa jekundu kooni. Kule Idjwi liliota kwenye msitu wa kaskazini, chini ya mawe yanayochuruzika. Msitu huo sasa haupo. Mwaka 1994 watu wengi walikimbilia kisiwani wakahitaji kuni, kama wanavyohitaji watu wote wanaokimbia, na walipoondoka, sehemu kubwa ya msitu ilikuwa imekwisha. Miaka michache baadaye watu wa kisiwa nao walikimbilia Nakivale, wakahitaji kuni, na migunga ya Nakivale ikaanza kupungua. Mambo haya mawili yameandikwa katika taarifa mbili tofauti.

Ua lilikuwa la Nathalie. Nathalie alikuwa binti yao wa pekee, na kipindupindu kilimchukua mwaka 1995, akiwa na umri wa kuanza kubeba maji. Georgette alilitoa ua msituni akalipanda kaburini. Mchungaji hakufurahi, kwa sababu mambo ya kupanda vitu makaburini yalimkumbusha dini ya mababu, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuharisha na hakulifuatilia. Mwaka uliofuata vita vilipovuka maji, Georgette aliingiza mikono yote miwili kwenye udongo wa kaburi, akang'oa ua na udongo wake, akapanda mtumbwi. Hakubeba sufuria. Nestor aliliona hilo, akashika kasia.

Ua lilifika Goma, likakaa Rutshuru, likavuka Bunagana. Pale mpakani askari alichokoa debe kwa kijiti akitafuta dhahabu. Alipoona ni udongo mtupu aliomba msamaha, na Georgette hakumsahau kamwe, kwa sababu katika safari nzima hakuna mwingine aliyeomba msamaha kwa lolote. Wakafika Nakivale. Hawakupata mtoto mwingine. Waliendelea kuitana Papa Nathalie na Mama Nathalie, na majirani waliofika baadaye walidhani Nathalie anasoma Kampala.

Madamu Viviane aliliona ua mwaka 2010. Alikuwa Mganda aliyesomea mambo ya misitu, mwanamke mwenye haraka na moyo mzuri, mfanyakazi wa shirika dogo la mazingira lililopanga nyumba Kakiika, pale Mbarara. Siku hiyo alikuja Misiera kufundisha majiko yanayokula kuni chache. Akaomba mahali pa kujikinga jua, Georgette akampa kigoda nyuma ya nyumba, na somo la majiko halikuendelea. Alilipiga ua picha za pande zote. Akazituma kwa mtaalamu fulani, mbali. Baada ya miezi jibu lilikuja: huenda mmea huu haujaonekana kwa muda mrefu, na huenda hauoti popote isipokuwa kwenye kisiwa hicho. Huenda mbili. Zilikuwamo zote katika barua ya mtaalamu. Maombi ya ufadhili yalipoondoka Mbarara, haikubaki hata moja.

Basi ikapigwa mbiu Nakivale, na hata kambi jirani ya Oruchinga, kwamba watu wa visiwani walete mimea ya kwao. Pamoja na mbiu ulitembea uvumi kwamba atakayeleta atapewa sabuni. Watu wakaleta. Zilikuja mbegu za maharage, mizizi ya dawa ya tumbo, magimbi, mgomba uliong'olewa siku hiyo hiyo kwa jirani Mnyankole, na mparachichi mchanga ulioletwa na mtu kutoka Fizi ambaye hajawahi kukanyaga kisiwa, ila aliapa kwamba shangazi yake aliolewa huko. Viviane alipokea yote. Wafadhili, alieleza, wanapenda wingi.

Kilichobaki ni ua lenyewe. Kwa kuwa Nestor alikwisha kuteuliwa mpimaji, alitumwa akamwombe mke wake.

"Mama Nathalie, banaomba ua."

"Picha balishachukua."

"Picha haizae."

"Ata miye sikuzala tena," Georgette alisema, akaendelea kupanga sabuni.

Nestor alingoja. Alijua kungoja, mshika mnyororo hungoja nusu ya maisha yake.

"Mwaka huu jua imemuchoma," alisema. "Imebakia shina moja. Siku moja mbuzi atapita hapa nyuma. Mbuzi moja tu, mama. Kule atakuwa na kivuli, atakuwa na maji ya pompe, atakuwa na mpaka."

"Mpaka nani atapima?"

"Ni miye."

"Si bale batoto ba Mbarara?"

"Ni miye na mikono yangu."

Georgette aliweka kipande cha sabuni chini, akakinyoosha kilingane na vingine.

"Basi, kama ni weye," alisema.

Watu wengine wangesema alikubali kwa sababu ya vizazi vijavyo. Alikubali kwa sababu katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kuona mstari wa mume wake umepinda.

Viviane alikuwa na mpango uliochapishwa kwenye karatasi kubwa, kwa rangi. Ulionyesha njia za mawe, madawati, kibanda cha watalii na watalii wenyewe, wanene kidogo, wamevaa kofia. Nestor aliutazama kwa heshima, akauliza kaskazini iko upande gani. Ikaonekana kaskazini haikuwekwa. Baada ya hapo alichukua kamba ya katani, akaifunga mafundo kwa urefu wa hatua ya mtu mzima, akateremka peke yake hadi kwenye kibonde kilichochaguliwa, nyuma ya Misiera, ambako migunga mitatu ilikuwa bado haijawa kuni na unyevu wa ziwa hufika asubuhi. Alikaa huko siku nyingi. Alipanga vitanda vya mimea kama vile vya shamba la kwinini, kila kimoja kimelingana na mwenzake. Kwa ua alitenga mahali chini ya mgunga mkubwa, akajenga mawe kwa kuzunguka na kuyaloweka ili lidhani liko kwao.

Na ua lilidhani. Msimu huo lilitoa machipukizi, moja, halafu mengine. Georgette akifunga kibanda alasiri, alishuka kibondeni na mtungi mdogo, akalimwagilia ingawa pampu ilikuwapo, akakaa juu ya jiwe. Walinzi wa bustani walimzoea. Alikwisha kusema kwamba mvua zikirudi atachukua chipukizi moja arudishe kwenye debe, maana nyumba ilikuwa imekaa kimya. Nestor alisema ndiyo, mvua zikirudi.

Jambo moja tu lilimnyima Nestor usingizi: fedha ya uzio haikuwamo. Kwenye karatasi ya Viviane uzio ulikuwa umechorwa kwa kijani chembamba, na pembeni palisomeka kwamba ni awamu ya pili. Nestor hakuamini awamu. Alikuwa amemwahidi mke wake mpaka. Basi alifanya alichokifanya maisha yake yote. Alitembea hadi kwenye vilima vya Isingiro, akaomba kwa watu vipande vya ule mmea wenye majani marefu kama sime, ambao Wanyankole huuita omugorora, na ambao ukikata shina lake ukalichomeka ardhini haujui kufa. Akarudi na mzigo kichwani. Masika yale alichomeka vipande hivyo kuzunguka bustani nzima, kimoja hapa, kimoja pale, kwa nafasi moja, na kamba ikiwa imevutwa. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, kwa sababu safari hii hapakuwa na mpimaji kivulini.

Aliyekuwa wa kwanza kuiona alikuwa Nehemiya, Mnyankole mfugaji ambaye ng'ombe wake walishuka kwenye maji kupitia kibonde hicho tangu enzi za babu yake, au ndivyo alivyosema, na hakuna aliyekuwa na babu wa kumpinga. Alikuwa mtu wa amani. Chumvi ya ng'ombe alinunua kwa Georgette. Alimkuta Nestor akipalilia, akasimama nje ya mstari, ameegemea fimbo.

"Mzee Nestor, habari."

"Nzuri, mzee Nehemiya. Ngombe ziko muzuri?"

"Ziko. Hii kitu nani alipanda?"

"Ni miye."

"Wewe mwenyewe, na mikono yako?"

"Na mikono yangu. Angalia vile imenyooka."

Nehemiya aliangalia. Hata yeye alifumba jicho moja. Alikiri kwamba imenyooka.

"Sasa hii mpaka," alisema, "iko katikati ya nani na nani?"

Nestor alifikiri. Katika kazi yake yote hakuwahi kuulizwa swali hilo. Wapimaji hawamwambii mshika mnyororo, na wanaohamishwa hawaulizi, wanalia tu.

"Huku ni maua," alisema mwishoni. "Huko ni bengine."

"Wengine ndiyo sisi."

"Ni kila mutu asiye ua."

Nehemiya hakucheka. "Mzee, mimi nimekaa na wakimbizi toka niko kijana. Wanyarwanda, Wasomali, Warundi, nyinyi. Mnalima, sawa. Mnajenga, sawa. Mnakufa, tunakuja kuzika. Lakini hakuna hata mmoja alipanda hii. Hii kwetu mtu anapanda kama baba amekufa na watoto wamegawa shamba. Kijiji yote inaona. Ikishashika mizizi, hata serikali ikikuja, inauliza miti, haiulizi wewe."

"Ata kwetu ni vile vile," Nestor alisema, na alisema kwa furaha, kama mtu aliyekutana ugenini na mtu wa ukoo wake. "Ni vile vile kabisa, mzee."

Nehemiya akawapigia ng'ombe mluzi, akawazungusha kwa njia ya mbali.

Inafaa kueleza kosa la Nestor, kwa sababu baadaye watu walilieleza vibaya. Hakukosa kujua maana ya mmea. Aliijua kuliko wote waliomshitaki. Lakini tangu alipoanza kazi alikuwa amepanda mipaka ya watu wengine, wa kampuni na wa chifu na wa misheni, na mikono iliyopanda haikuwahi kupata hata tuta moja la upande wa ndani. Haikumpitia akilini kwamba kuna binadamu angemwona yeye, Nestor, amechomeka mche ardhini, akadhani ardhi ni yake.

Ilikuwa miaka mibaya kwa maneno ya ardhi. Wenyeji walikuwa wanasema kambi inawala. Ofisi zilikuwa zinasema wenyeji wanaila kambi. Kufikia Jumapili ilisemwa sokoni kwamba Wakongo wamepewa hati ya kibonde. Katikati ya wiki hati ilikuwa imefika ziwani. Vijana wawili wa Kikongo walipigwa walipokwenda kuchota maji, na mtu mmoja akakata ndama mguu, haikujulikana nani. Ukaitishwa mkutano.

Waliketi chini ya turubai: maafisa wa kambi, viongozi wa wenyeji, polisi, na Viviane amekuja na karatasi yake kubwa. Aliulizwa kama ndiye aliyeagiza mpaka. Akaikunjua karatasi na kusema kweli, kwamba mpango haukuwa na mmea huo popote. Akaitwa Nestor. Alikuja amevaa shati la ibada. Déo alifasiri.

"Mzee, hii ardhi ni yako?" afisa aliuliza.

"Hapana. Pale hakuna kitu yangu."

"Kwa nini umeweka mpaka?"

"Juu ya kulinda maua. Niliahidi mutu."

"Umeahidi nani?"

"Bibi yangu."

Watu wa nyuma walicheka, na kwa dakika moja ilionekana mambo yangeweza kupoa. Lakini mzee mmoja wa wenyeji aliinuka, akauliza kwa adabu: kama ardhi si ya mkimbizi huyu, basi ni ya nani? Ni swali ambalo kila ofisi iliyokuwa imeketi pale ilikuwa na jibu lake, na majibu hayo hayajawahi kukutana. Afisa aliyevaa koti zito alikohoa. Kwa ajili ya kudumisha ujirani mwema, alisema, kila kilichopandwa kibondeni kiondolewe, mpaka pamoja na kilichozungukwa na mpaka, na mimea adimu ihifadhiwe kwa muda Mbarara. Pande zote mbili zilipiga makofi. Ni uamuzi pekee wa mwaka huo uliokubaliwa na pande zote mbili.

Mpaka ulitakiwa ung'olewe na aliyeupanda, mbele ya mashahidi. Ilikuwa Julai na udongo umekuwa kama tofali. Vipande vilikwisha kushika, na Nestor alikuwa mzee. Alivuta cha kwanza, akavuta cha pili, akakaa chini. Nehemiya, aliyeletwa kama shahidi, aliweka fimbo yake kando, akaja kushika upande wa pili. Waling'oa pamoja hadi adhuhuri. Mstari ulipokwisha, Nehemiya alisema tu, "Ilikuwa imenyooka, mzee," akaenda zake.

Gari la shirika lilikuwa pikapu wazi. Mimea ilipakiwa nyuma, mizizi ikiwa imefungwa magunia. Georgette alifika na debe lake.

"Madamu, yule mumoja ni wangu," alimwambia Viviane.

"Najua, mama. Tutaitunza. Kakiika tuna maji ya bomba."

"Basi munipe tawi tu. Kale kadogo."

Viviane alikuwa amechoka, na alikuwa ameambiwa asubuhi ile kwamba wafadhili watataka kuona kila mmea. "Nikigawa moja, wengine wote watadai yao," alisema. "Mambo yakitulia utaletewa, mama, naahidi." Georgette aliangalia nyuma yake awaone hao wengine. Hapakuwa na mtu. Mparachichi ulikuwa umefungwa vizuri karibu na dirisha la dereva, penye kivuli. Ua lilikuwa nyuma kabisa.

"Atakufwa na jua," alisema, si kwa Viviane, kwa mume wake.

"Barabara si ndefu," Nestor alisema. Aliujua urefu wake kuliko yeyote.

Gari liliondoka na vumbi lake. Georgette alirudi nyumbani na debe, akaliweka mahali pake, tupu. Wiki zile hakumlaumu Nestor kwa neno lolote, na Nestor alianza kwenda kanisani hata siku ambazo hapakuwa na ibada.

Mvua zilirudi. Hapakuletwa kitu. Alipopata ruhusa ya kusafiri, Nestor alikwenda Mbarara, akauliza njia hadi Kakiika, akafika kwenye nyumba yenye bango la shirika. Viviane hakuwapo, alikuwa Kampala, kwenye mkutano kuhusu uhifadhi. Mlinzi wa getini, mtu mpole wa Bushenyi, alimpeleka nyuma ya nyumba.

Mimea ilikuwa imepangwa ukutani kando ya tangi la maji. Tangi lilikuwa linavuja upande mmoja, na upande huo mambo yalikuwa mazuri: mparachichi ulikuwa umefika kifuani, na mgomba wa jirani ulikuwa umeanza kutoa watoto. Upande mwingine tangi halikuvuja. Nestor alipita polepole akikagua mizizi. Alilikuta ua kwenye kona, ndani ya gunia lake. Shina lilikuwa limebaki uzi. Alichimba kwa kidole hadi chini, kutafuta kama pana unyevu popote.

"Hiyo ilikufa mapema, ssebo," mlinzi alisema. "Haikumaliza hata wiki."

"Benyewe banajua?"

"Niliwaambia. Walisema nisiitupe, ni mali ya mradi."

Nestor alishukuru. Aliomba udongo wa gunia. Mlinzi akasema pole, hata udongo ni wa mradi, lakini aligeuka akaangalia getini kwa muda mrefu, na Nestor akatia konzi moja mfukoni.

Alishuka kuelekea mjini kwa miguu. Kando ya barabara kulikuwa na mtaro, na ndani ya mtaro, baada ya mvua zile, kila kitu kilikuwa kimeota. Karibu na kituo cha magari alisimama. Pale chini palikuwa na kimea kifupi, shina jekundu limejaa maji, majani yana manyoya. Nestor alifumba jicho moja. Alisimama hivyo mpaka mwenye kuuza mahindi akamuuliza kama amepotewa na kitu. Kisha aliinama, akakichimbua na udongo wake, akakitia ndani ya mfuko wa plastiki, na juu yake akamwaga konzi ile ya Kakiika.

Georgette alikuwa mlangoni. Debe lilikuwa limeoshwa.

"Ni yeye?"

"Ni yeye. Amekonda kidogo."

"Ni safari," Georgette alisema.

"Ndiyo, ni safari."

Georgette alikipanda mwenyewe. Alikitazama sana, jani moja moja, akipitisha kidole gumba juu ya manyoya, na Nestor akapata kazi ya kufanya barazani. Kimea kilishika siku ile ile. Hakikujali jua wala kivuli. Kabla ya mwezi kwisha kilikuwa kimejaza debe na kuanza kumwagika pembeni, jambo ambalo ua la kisiwani halikufanya kwa miaka yote. Halafu kikachanua. Nestor aliitwa aje kuona. Maua yalikuwa ya bluu, madogo, mengi.

Walisimama wote wawili nyuma ya nyumba.

"Maji ya huku inabadilisha rangi," Georgette alisema.

"Inabadilisha," Nestor alisema.

"Ata mutu inamubadilisha."

"Ndiyo, Mama Nathalie."

Mwaka uliofuata kanisa lilitaka kuongeza chumba, wakamwomba Nestor avute kamba ya msingi. Alisema macho yamechoka. Ukuta ulijengwa na vijana, na hadi leo ukisimama mlangoni unaona umeelekea ziwani kidogo.

Taarifa ya mwisho ya mradi ilisema mimea yote ilihamishwa kwa mafanikio. Viviane alihamia shirika jingine, la maji. Nestor alifariki mwaka 2014, kwa kifua, akazikwa kwenye mteremko wa nyuma ya Misiera. Georgette alichukua tawi kutoka kwenye debe, akalipanda kichwani mwa kaburi, na mchungaji wa sasa hakusema kitu. Mwaka 2015 lilikuwa limefunika kaburi lote na kuanza kuteremka kwenye makaburi ya jirani, na alasiri, akifunga kibanda, alikuwa bado anakwenda na mtungi kulimwagilia. Mmea huo unaota wenyewe kwenye mitaro ya Mbarara, kuanzia Kakiika hadi mjini, na kila mvua zikikatika hufyekwa pamoja na nyasi.